Kumwaga bido hakutasafisha maziwa ya Goma

Wiki hizi hapa Goma mazungumzo yote ya maziwa yamegeuka kuwa mazungumzo ya bido, jerikeni za plastiki zinazobebea maziwa. Kwenye barabara inayoingia mjini kutoka Sake, wakaguzi wanasimamisha motari waliofunga bido za manjano nyuma ya pikipiki, wanafungua kifuniko, wananusa, na pua isiporidhika wanamwaga. Nimeliona kwa macho yangu mara moja, saa nne asubuhi, upande wa Mugunga. Bido ya lita 20 ilipinduliwa juu ya mawe meusi ya volkeno. Maziwa yakapita katikati ya mawe yakazama, na motari alipomaliza kuteremka kwenye kiti, kilichobaki kilikuwa utando mwembamba mweupe juu ya jiwe, na nzi walikwisha kufika. Waliokuwa pale waligawanyika. Kuna mama aliyesema afadhali, watoto wetu wasiugue tena matumbo. Kuna mwingine aliyeshika kichwa kama aliyefiwa. Wote wawili nawaelewa, na ninaandika kwa sababu nadhani jambo hili linasomwa vibaya. Bido ni chombo kibaya cha maziwa, hilo sina ubishi nalo. Ninachobishia ni imani kwamba tukiiondoa bido tumeyasafisha maziwa. Maziwa ya mji huu yanaharibiwa na saa na maji kabla ya kuharibiwa na plastiki. Tukibadili chombo, tukaacha saa na maji vilevile, tutakunywa maziwa yaleyale, kwa bei ya juu zaidi, yakiwa yameingia mjini kwa njia za panya.

Tuanze kule yanakotoka. Maziwa mengi tunayokunywa hapa yanashuka kutoka malisho ya Masisi, pande za Mushaki, Kilolirwe na Kitchanga, milima inayopita mita 2000 kutoka usawa wa bahari, ambako usiku ni baridi ya kutetemesha. Ng'ombe anakamuliwa alfajiri. Maziwa yanatoka kwenye chuchu yakiwa na joto la mwili wa mnyama, kama nyuzi 38, na Mungu ameyawekea ulinzi wake wa asili unaozuia vijidudu kwa saa chache za mwanzo. Ulinzi huo ukiisha, kinachofuata ni hesabu. Kwenye uvuguvugu wa nyuzi 30 na kitu, baadhi ya vijidudu huweza kuzaana maradufu kila dakika 20. Kijidudu kimoja kwa mwendo huo kinakuwa 8 baada ya saa moja, 512 baada ya saa tatu, na baada ya saa sita kimepita 260,000. Ndiyo maana viwanda vya maziwa duniani vinakimbizana kuyapoza mpaka nyuzi 4 ndani ya saa mbili hivi baada ya kukamua. Mfugaji wa Masisi hana frigo, hana barafu, na barabara yake ni ile tunayoijua. Mtu anabeba kwa miguu mpaka njiani, anangoja motari, motari anangoja bido zijae, kisha anakutana na matope, lori lililokwama na vizuizi vya wenye silaha ambako lazima atoe kitu ndipo apite. Kila kizuizi ni dakika, na kila dakika 20 ni kizazi kimoja cha vijidudu. Wakati wa mapigano kuna siku maziwa hayapiti kabisa, na kuna siku yanapita yakiwa yamezunguka njia ndefu. Ukiyanusa Mugunga ukakuta yamechacha, umenusa safari nzima ya kutoka mlimani.

Halafu kuna maji, na hapa mtu wa Goma hahitaji kufundishwa. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa volkeno: kuchimba choo ni kazi ya nyundo, kulaza bomba ni kazi ya nyundo, na ziwa liko palepale chini likitungoja na bido zetu. Julai 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi hapa kwa muda wa wiki chache. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu tangi kubwa la maji na mabomba yake, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji ya bomba. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, umeme na maji vilikatika, tukarudi tena Kituku na kwenye fukwe nyingine kuchota ziwani. Anayeamka mapema anawajua vijana wanaosimama kwenye vituo vya klorini kando ya ziwa, sindano mkononi, wakitia dozi katika kila bido inayopita mbele yao. Kazi hiyo imeokoa roho nyingi kuliko tunavyowashukuru. Lakini fikiria safari ya bido ya maziwa. Inafika mjini, inamiminwa, kisha inasuuzwa ili irudi Masisi. Inasuuzwa kwa maji gani? Kwa maji ya kununua, ambayo muuzaji anayapima kwa kikombe kwa sababu yana bei, au kwa maji ya ziwa ambayo hayajapita kwenye sindano. Anatia kidogo, anatikisa, anamwaga, anafunga. Mabaki ya maziwa pamoja na maji machafu ndani ya chombo kilichofungwa, juani, mpaka kesho alfajiri: ukitafuta namna ya kufuga vijidudu hutapata iliyo bora kuliko hiyo. Mpe mtu huyohuyo kopo la chuma linalong'aa, umwachie maji hayohayo, na kopo litanuka wiki hiyohiyo.

Sasa tuwape haki yao wanaotaka bido ipigwe marufuku, maana hoja yao kuu ina nguvu. Bido hizi nyingi zilizaliwa kubeba mafuta ya kupikia, na nyingine zimepitia mambo ambayo hakuna anayeyakumbuka. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii, na pasipoingia mkono hapasuguliwi. Plastiki inachubuka ndani, na kwenye michubuko yanajijenga matandiko ya uteute yanayoshika vijidudu hata ukisuuza mara tatu. Maji yanayochemka yanaikunja, kwa hiyo hata anayetaka kuiosha kwa moto hawezi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda iliweka amri ya waziri mwaka 2016 kuhusu ukusanyaji, usafirishaji na uuzaji wa maziwa, na jerikeni za plastiki zikaachwa nje. Kenya nayo inawataka wachuuzi watumie makopo ya chuma. Anayesema kwamba majirani zetu wametuacha nyuma anasema kweli, na mimi sitamjibu kwa kujitetea eti sisi tuna vita. Watoto wanaougua matumbo Majengo na Ndosho hawaponi kwa sababu tuna udhuru.

Ila wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Amri ya Rwanda ilikuta vituo vya kukusanyia maziwa vilivyokwisha kujengwa wilayani, vyenye matangi ya kupozea, vyenye mtu wa kupima na kitabu cha kuandika, na vilivyounganishwa na viwanda. Mfugaji aliyekatazwa jerikeni alikuwa na mahali pa kupeleka kopo lake. Kenya ilipita njia ndefu zaidi, na inatufaa zaidi kuisoma kwa sababu inafanana na yetu. Kwa miaka mingi sheria yake ilitaka maziwa ya mjini yawe yamepasteurishwa, yaani yamepashwa moto wa kipimo ili kuua vijidudu, huku sehemu kubwa ya maziwa yakiuzwa mabichi na wachuuzi wadogo. Kilichopatikana kilikuwa msako, maziwa kumwagwa, na biashara kujificha. Watafiti wa mradi wa maziwa ya wafugaji wadogo, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa mifugo ya kimataifa iliyoko Nairobi, walionyesha kwamba familia karibu zote zinachemsha maziwa kabla ya kunywa, na kwamba mchuuzi aliyefundishwa anauza maziwa safi kuliko asiyefundishwa. Kuanzia mwaka 2004 siasa ya nchi ikaanza kugeuka: mchuuzi afundishwe, apimwe, apewe cheti, na chombo cha chuma kiwe sharti la cheti. Amri haikuja peke yake, ilikuja na kitu mkononi. Nikienda mbali zaidi, New York ya karne ya 19 ilikuwa na maziwa yaliyoua watoto kwa maelfu. Mwaka 1893 mfanyabiashara Nathan Straus alianza kufungua vituo vya kuuza maziwa yaliyopasteurishwa kwa bei ambayo maskini aliiweza. Ilipofika 1908, Chicago ikawa mji mkubwa wa kwanza wa Marekani kulazimisha kupasteurisha. Kati ya kituo na sheria kulikuwa na miaka 15. Sisi tunataka kuanza na sheria, na kituo tutakiona baadaye.

Upande wa wauzaji nao una hoja, na moja kati yao lazima niikatae waziwazi ijapokuwa nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu: kwamba mababu walikunywa maziwa mabichi na hawakuugua. Kwanza, babu alikunywa maziwa ya ng'ombe anayemjua kwa jina, ndani ya saa ile ile ya kukamua, au aliyagandisha kuwa kivuguto, ambacho uchachu wake unawabana vijidudu vingi. Hakununua mchanganyiko wa ng'ombe 40 wa wenye mali 15, uliokaa saa sita kwenye plastiki juu ya pikipiki. Ng'ombe mmoja mgonjwa katika mchanganyiko ule anawagusa wote wanaokunywa. Pili, na hili ndilo linaloniuma, hatujui kama hawakuugua. Brusela, ugonjwa unaosababisha ng'ombe kutupa mimba, unampata binadamu kupitia maziwa mabichi. Unaleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioeleweka. Orodhesha dalili hizo mbele ya mtu yeyote wa Goma, atakwambia ni malaria, na akikana malaria atasema tifoidi. Mgonjwa anatibiwa malaria, anapata nafuu kwa sababu homa ya brusela hushuka yenyewe, inarudi, anatibiwa tifoidi, na miezi inapita. Tiba yake ni antibiotiki mbili pamoja kwa wiki 6 hivi, na hakuna anayeianza kwa sababu hakuna aliyeuliza kama mgonjwa anakunywa maziwa mabichi. Kuna pia kifua kikuu cha ng'ombe, kinachopita njia hiyohiyo. Basi ninaposema bido haistahili lawama zote, simaanishi maziwa mabichi yanyweke. Yasinywewe mabichi, na mtoto hata kidogo.

Hoja nyingine dhaifu iko upande wa pili, nayo inapendwa na wenye uwezo: tuache maziwa ya Masisi, tununue ya boksi na ya unga, maana ya kiwandani ni salama. Kiwanda ni jambo jema, lakini usalama wake unatoka kwenye ukaguzi, si kwenye karatasi inayong'aa. Mwaka 2008 huko China, kemikali ya melamini ilitiwa kwenye maziwa yaliyoongezwa maji ili kipimo cha protini kisishuke; watoto karibu 300,000 waliugua na 6 wakafa. Desemba 2017 kampuni ya Lactalis ya Ufaransa ililazimika kurudisha maziwa ya watoto yaliyotoka kiwanda chake cha Craon, yaliyokwisha kusambaa katika nchi 83, kwa sababu ya kijidudu cha salmonela. Kipindi hichohicho Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko wa kijidudu kingine, listeria, uliotokana na nyama za kusindikwa. Waliougua walizidi 1,000 na waliokufa 200, na Kongo yetu ilikuwamo katika orodha ya nchi 15 zilizopokea bidhaa kutoka kwa watengenezaji wa nyama hizo. Nchi zote hizo zina maabara na wakaguzi wenye mishahara. Sisemi hivyo kuwatisha watu wa boksi. Kinachonitia hofu ni maziwa ya unga, yale ya pakiti ndogo yanayouzwa kwenye kila butike. Unga unahitaji maji. Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba unga wa maziwa ya mtoto mchanga uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu. Mama aliyenyimwa maziwa ya Masisi, ambayo angeyachemsha kwa mazoea, akahamia kwenye unga, ambao anaukoroga kwa maji ya vuguvugu ili kuokoa makaa, amehama kutoka hatari ndogo kwenda kubwa. Na mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji lolote kati ya hayo, ziwa la mama yake linamtosha.

Kuchemsha ndiyo ngao yetu kubwa, na inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Kupasteurisha kunataka nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Kwa urefu wa Goma, karibu mita 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na hiyo inazidi mahitaji kwa mbali. Brusela inakufa, kifua kikuu kinakufa, kipindupindu kinakufa. Lakini moto una mipaka yake. Kuna kijidudu kinachotoka kwenye mikono yenye vidonda na kwenye viwele vilivyovimba, stafilokoka, ambacho kikiachwa saa nyingi kwenye maziwa ya uvuguvugu kinatema sumu. Moto unamuua mwenye kutema, sumu yenyewe inabaki, na ndiyo inayomfanya mtu atapike saa chache baada ya kunywa maziwa ambayo mama anaapa kwamba aliyachemsha. Anaapa kweli. Dawa ya antibiotiki aliyodungwa ng'ombe jana nayo moto hauiondoi, ni mfugaji tu anayeweza kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuuza. Ndiyo maana narudi kwenye saa: jikoni hakuwezi kurekebisha yote yaliyotokea njiani.

Na kuna kosa moja la nyumbani ambalo sijamsikia mkaguzi yeyote akilitaja. Mwaka jana nilikaa asubuhi nzima kwa mama mmoja wa Ndosho anayeuza maziwa yaliyochemshwa kwa kikombe. Ni mtu makini. Sufuria yake ya aluminiamu anaisugua kwa majivu mpaka inaakisi uso, na maziwa yakianza kupanda hayaachi. Anayakoroga, anapunguza makaa, anayaacha yatokote mpaka utando wa mafuta ukunjamane juu. Nilimsifu moyoni. Kisha akachukua faneli, akayamimina yote kurudi ndani ya bido ileile yalimotoka, ambayo ilikuwa imekaa kando ya mlango bila kuoshwa, na ukingoni mwa shingo yake palikuwa na duara la manjano lililokauka. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: «Mukubwa, bido ni moja.» Kazi yote ya moto ilibatilishwa kwa sekunde kumi, na si kwa ujinga, maana anajua kuchemsha kuliko mimi. Amekosa chombo cha pili na lita tano za maji ya moto ya kukioshea. Ukimkuta mama huyo barabarani ukamwagia bido yake, kesho atakuja na bido nyingine ya namna ileile, au ataacha kuchemsha kwa sababu makaa ni ghali na faida imezama kwenye mawe.

Mfano wa jibini unaonyesha kwamba watu wa milima hii walilitambua tatizo la saa zamani. Jibini ya Masisi, ile mikate ya duara inayofanana na gouda, mbegu yake ni ya Wabelgiji, wamisionari na walowezi, lakini ilishika mizizi kwa sababu inajibu swali la barabara: lita nyingi zisizoweza kufika mjini zikiwa hai zinageuzwa kuwa kitu kimoja kinachovumilia safari. Inatengenezwa kwa maziwa mabichi, bila umeme, na ni chakula ninachokipenda na kujivunia. Hapo pia saa ndiyo inayoamua, ila safari hii ni rafiki. Chumvi, uchachu na kukauka vinawamaliza vijidudu polepole, na ndiyo sababu Marekani inataka jibini ya maziwa mabichi ikae angalau siku 60 kabla ya kuuzwa. Jibini inayouzwa ikiwa bado laini na inatoa maji haijafika huko. Wengi wanadhani jibini ni jibini. Mjamzito hasa aulize imekaa muda gani, na muuzaji azoee kuandika tarehe kwenye ganda. Gharama yake ni kalamu.

Kama tunakubaliana kwamba adui ni saa na maji, basi mahali pa kupigania ni palepale motari wanaposimamishwa, kwa kazi tofauti. Mkaguzi anayenusa anategemea pua, na pua haiwezi kujua kama maziwa yameongezwa maji, wala haitambui brusela. Vipimo vya kuanzia ni rahisi. Ukichanganya maziwa kidogo na alkoholi ya asilimia 70 kwa kipimo sawa, yaliyoanza kuchacha yanafanya madonge papo hapo. Laktomita ni kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa mazima yanakiinua kati ya 1.028 na 1.032, na yaliyotiwa maji yanakiacha kizame. Kwa brusela kuna kipimo cha pete, kinachofanywa kwenye mchanganyiko wa maziwa ya kundi zima, na kinamwambia daktari wa mifugo ni zizi gani aliendee na chanjo ya ndama. Kwa kijiji kisicho na barafu, tangu 1991 Codex, kanuni za kimataifa za chakula, zinaruhusu mbinu ya kuuamsha ulinzi ule wa asili wa maziwa kwa chumvi mbili za dozi ndogo, na inaongeza saa 7 au 8 kwenye nyuzi 30, na zaidi ya hapo kwenye baridi ya milimani. Inahitaji mtu aliyefundishwa na asiyezidisha kipimo, kwa hiyo si ya kugawa hovyo, lakini ipo, na kwa barabara kama yetu saa 7 ni nyingi sana. Umeme pia si ndoto kama zamani: mitambo ya Matebe huko Rutshuru imekuwa ikileta nguvu za maporomoko mjini, na tangi moja la kupozea pembeni mwa mji lingekuwa na mahali pa kuchomekwa.

Gharama ndiyo inayotenganisha maneno na nia. Kopo la chuma linagharimu mara nyingi zaidi ya bido, na mchuuzi anayezungusha lita 40 kwa siku hawezi kulinunua kwa mkupuo. Anaweza kulilipa kidogo kidogo kama ushirika wake ukilikopa, na kama kodi anazotozwa kati ya Sake na soko la Virunga zingepunguzwa kwa anayebeba chuma. Yeyote anayetoza kwenye barabara hiyo, mwenye cheo au mwenye bunduki, anakula katika maziwa hayohayo, na sijaona kwa nini asiweke hata bomba moja lenye maji ya klorini kwa fedha anazozichukua. Nasema bomba kwanza, kabla ya chuma, kabla ya tangi. Marufuku bila bomba itawapiga akina mama wa kikombe na motari, itapandisha bei ya maziwa mpaka familia za Mabanga na Kahembe ziyaache, na matajiri wachache wenye magari yenye ubaridi watabaki na soko. Watoto watakaokosa maziwa hawatahesabiwa popote, kwa sababu utapiamlo haupigi kelele kama kuhara.

Nimalizie na yule motari wa Mugunga, kwa sababu kuna jambo sikulieleza. Baada ya maziwa kuzama kwenye mawe hakugombana na mtu. Aliokota kifuniko, akakipangusa kwenye suruali, akafunga bido tupu, na kuirudisha nyuma ya kiti kwa kamba za mpira. Ndani yake palikuwa na maziwa kama kikombe kimoja yaliyoganda kwenye kona. Akageuza pikipiki kuelekea Sake, maana alfajiri ya kesho ng'ombe watakamuliwa kama kawaida na yeye ana watu wanaomngoja kule. Wakaguzi walikuwa watatu. Hakuna hata mmoja aliyemwonyesha mahali pa kuiosha.